Swali Lililonipatia Panga

Ndugu wahitimu wenzangu, na ninyi vijana mnaokalia madawati tuliyoyaacha,

Mwaka 1979, nikiwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa Siasa alitusomea "Elimu ya Kujitegemea", maandishi ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967. Humo imeelezwa kwamba elimu haina budi kumjengea kijana akili ya kudadisi. Nikanyosha mkono: "Ndugu mwalimu, je, twaweza kuyadadisi hata maandishi haya?" Darasa zima kimya. Nikapewa panga, nikafyeka majani nyuma ya bweni hadi jioni.

Sikujua wakati ule kwamba jambo hili ni la kale. Mwaka 399 kabla ya Kristo, Waathene walimhukumu Socrates kifo. Shtaka mojawapo lilikuwa kuwapotosha vijana. Huko Ufaransa falsafa hufundishwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na mtihani wake huchukua saa nne. Hata hivyo, mwaka 1852 serikali ya Louis-Napoléon Bonaparte, kwa kuogopa mawazo huru, ililipunguza somo hilo likabaki mantiki tu. Mwaka 1863 Waziri wa Elimu, Victor Duruy, akalirudisha. Kwa njia ya ukoloni somo hilo lilifika Senegal, na baada ya uhuru wa mwaka 1960 Wasenegali hawakulitupa.

Sisi hatukuwa na somo lenye jina hilo. Tulikuwa na Siasa, ambayo baada ya vyama vingi kurejea mwaka 1992 iliachia nafasi somo la Uraia. Wako wanaoibeza Siasa, mimi siibezi. Ilitufunza kuuliza ni nani anayenufaika na jasho la nani, na hiyo ni falsafa tosha. Kasoro yake ni kwamba mara nyingi jibu liliandikwa ubaoni kabla ya swali kuulizwa.

Jioni ile mwalimu alinifuata bwenini. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Swali lako lilikuwa zuri. Sikuwa na jibu, na darasa zima lilikuwa likinitazama."

Baadaye nami nikawa mwalimu. Nilipoulizwa swali lililonishinda, nilijitahidi kusema, "Sijui, tutafute pamoja." Siku nyingine nilishindwa, nikakaripia. Ndipo nilipomwelewa mwalimu wangu.

Vijana, ulizeni kwa adabu, lakini ulizeni. Na walimu wenu wakisema hawajui, wapigieni makofi.