Namua Haiondolewi

Kwenye baraza za Wete, Pemba, kumwambia mtu mzima "tucheze bao la kujifunza" ni kumdharau. Bao hilo sheria zake nyepesi: kete zote 64 hupangwa ubaoni tangu mwanzo, mbili mbili kila shimo, mkaanza kulana hapo hapo. Mkononi huna kitu, namua hakuna, nyumba, lile shimo kuu, nayo ni shimo kama mengine. Wazee hawana ugomvi nalo likiwa la watoto. Ugomvi ulizuka waliporudi vijana kutoka mjini wakataka ndilo tucheze sote, ati lile kubwa linakula alasiri nzima.

"Na wewe hiyo alasiri unaipeleka wapi?" mmoja akaulizwa.

Mimi si fundi, lakini nimefungwa na mafundi wengi, na hoja yao naielewa. Bao la Kiswahili unalianza na kete 10 tu ubaoni: sita nyumbani, mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Zilizobaki, 22, umezishika, unaingiza moja moja; hiyo ndiyo namua. Ukiwa katika kula na kete ya mwisho ikaangukia nyumbani, hiari ni yako, ulale, yaani ukomee hapo, au usafiri, uziokote za nyumba uendelee kusambaza. Ukisafiri kwa pupa, mbele kunabaki mashimo matupu. Nilimwona mzee mmoja, mchumaji karafuu, na kete yake ya mwisho ya namua. Aliizungusha baina ya gumba na kidole cha shahada, nyumba yake hata haiangalii, macho yako mbele kwa mwenziwe. Akaitia kwenye kimbi, pembeni mwa ubao, akala, akazunguka akala tena, mwenziwe akabaki hamna, safu yake ya mbele tupu. Ukifuta namua, ufundi ule utauonyeshea wapi?

Manung'uniko haya si ya Pemba peke yake. Ulaya, mwishoni mwa karne ya 15, malkia wa sataranji, aliyekuwa akisogea hatua moja tu ya mshazari, alipewa ruhusa ya kukata ubao mzima. Wafaransa wakaubandika mchezo huo mpya jina la sataranji ya malkia mwenye kichaa. Hata hivyo ndio ulioshinda, nami nakiri ulistahili, kwa sababu ulimwongezea mchezaji la kufikiri. Bao la kujifunza linampunguzia.

Mwaka 1995 Mholanzi Alex de Voogt alitoa utafiti mzima juu ya ufundi wa bao, alioufanya kwa mafundi wa Zanzibar. Hakuja kutazama la kujifunza.

Si kila jipya tunalikataa: gololi badala ya komwe tumezizoea, ingawa zinateleza na mlio wake hauna raha. Lakini programu za simu zinazokusambazia kete zenyewe sizipendi, maana kuhesabu ndiko kunakonoa kichwa.

Walimu wa skuli zetu, anzeni na la kujifunza, hakuna ubaya. Lakini mtoto akishajua kula, na kutakasa, yaani kusambaza bila kula, mpeni kete zake 22 mkononi.