Benchi la Nyuma: Gemu, Picha na Umati wa Pasiansi

Nimechoka kusikia kwamba Watanzania walianza kucheza gemu simu janja zilipoingia. Anayesema hivyo hakupita Pasiansi, Mwanza, kando ya barabara ya kwenda uwanja wa ndege, enzi zile kibanda cha mabati chenye televisheni ya inchi 14 kilipokuwa kikijaza watoto kuliko darasa. Ushahidi ninao mezani: kanda ya gemu ya plastiki ya njano, lebo imechanika, inajigamba kubeba gemu 9999999. Ndani mna chache tu. Zilizobaki ni zilezile, zimeanzishwa hatua ya pili au ya tatu na kupewa namba mpya. Waandishi wetu wa historia ya habari wamepekua magazeti na redio mpaka vumbi likaisha. Kanda hizi hawajazigusa.

Mwanzo wa hadithi niupitie haraka. Pong ilitoka 1972, Space Invaders 1978, na sisi wa Bara hatukuwamo. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, na televisheni tuliisubiri hadi ITV ilipowashwa 1994, ilhali Zanzibar walikuwa na ya rangi tangu 1973. (Wazanzibari hawachoki kutukumbusha, na wana haki.) Famicom ya Nintendo ilizinduliwa Japani Julai 1983. Ilipotufikia, zaidi ya miaka 10 baadaye, ilikuja kwa umbo la nakala za bei rahisi zisizomtaja mwenyewe.

Vitabu vya gemu hupanga historia ya picha kama ngazi: kwanza nukta, kisha katuni, kisha maumbo ya PlayStation, mwishowe sura zinazotoka jasho. Ngazi hiyo waliijenga wauza mashine, na mtu akiipanda haulizi picha ile ilikuwa ikitazamwa na nani, wala kutoka umbali gani. Kibandani walioshika pedi walikuwa wawili. Waliobaki, wengine wamekaa kwenye benchi, wengine wamesimama mlangoni, walikuwa wakitazama. Anayefungwa anapisha. Kwa hesabu hiyo, mtoto wa Pasiansi alitazama gemu saa nyingi kuliko alizocheza.

Msukuma hahitaji nadharia ya kigeni kulielewa hili. Katika mashindano ya mbina, yaani ngoma za Kisukuma, makundi ya Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja, kila kundi na ngoma zake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Nenda Bujora, Kisesa, wakati wa tamasha la Bulabo ukajionee. Hakuna meza ya majaji inayohesabu hatua. Umati ukihama umeshahukumu. Ndiyo maana manju, viongozi wa ngoma wa pande zote mbili, tangu wafuasi wa waasisi wao, Ngika na Gumha, walipoanza kushindana, wametafuta kila mbinu ya kushangaza macho. Wapo wanaocheza na chatu hai shingoni. Chatu yule hakuletwa ili ngoma ifanane zaidi na maisha ya kila siku. Aliletwa aonekane kutoka mbali.

Basi irudie picha ya Famicom kwa jicho hilo. Mashine ile iliweza kuonyesha vipande 8 tu vya vitu vinavyotembea katika mstari mmoja wa kioo. Vikizidi, vingine havichorwi, na watengenezaji wakavizungusha zamu, ndipo vikawa vinapepesa. Mwandishi wa ngazi anauita udhaifu. Kibandani ulikuwa kazi ya umati: risasi ikitoweka, benchi la nyuma linapiga kelele, “Inama!” Wachezaji wawili wa gemu ya Contra walikuwa na macho ishirini ya ziada.

Kisha ikaja PlayStation, na mpira ukameza vingine vyote. Kwa uzuri wa picha, Final Fantasy VII ya 1997 ilikuwa mbali mbele. Lakini ilijaa maandishi ya Kiingereza ya mtu mmoja kusoma kimya, na umati hausomi kimya. Winning Eleven ya Konami, hata ikiwa na menyu za Kijapani, ilieleweka mpaka mlangoni: jezi rangi mbili, kivuli cha mpira chini, goli. Waliotoka uwanja wa Kirumba kuishangilia timu ya Toto Africans waliingia kibandani na sauti ileile. Ilipofika PES 6, mwendelezo wa Winning Eleven, mwaka 2006, mguu wa kushoto wa mshambuliaji Adriano ulikuwa kesi ya baraza; palikuwa na vibanda vilivyompiga marufuku.

Wapo bado wanaosema watoto wale walikuwa wakimezwa tu na picha. Siwapi nafasi kubwa, kwa sababu wimbo huo ni mzee. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa sinema wa Waingereza uliopiga kambi Vugiri, milima ya Usambara, ulitengeneza filamu za kufundisha Waafrika kwa imani kwamba tunahitaji picha za polepole na nyepesi. Notcutt na Latham, walioongoza kazi ile, walizunguka nazo Afrika Mashariki na Kati. Namheshimu zaidi Stuart Hall, Mjamaika aliyeandika 1973 kwamba mtazamaji naye hujenga maana. Hata yeye angejifunza kitu kwa manju wa Kisesa.

Simu imeleta picha safi kuliko zote na imemfukuza mtu wa benchi la nyuma. Kioo cha kiganjani hakitazamwi na ishirini. Kizazi kinachokumbuka kibanda sasa ni watu wazima, na kanda zao zinaozea stoo. Kama unayo moja, au pedi iliyokatika waya, au ubao wa bei wa kibanda cha Pasiansi, Kitangiri au Kirumba, usiutupe. Andika nyuma yake mtaa na mwaka, na kama unakumbuka, maneno waliyokuwa wakipiga kelele wale wa nyuma.