Mwamshaji wa Daku na Mshororo Usio na Kina

Katika hesabu ya kale ya Waswahili, siku haianzi alfajiri bali huanza jua linapokuchwa. Ndiyo maana usiku wa Ijumaa ni ule unaoifuata Alhamisi. Miongoni mwa watu waliopata riziki kwa kupiga na kuimba njiani, hapana aliyeishi kwa hesabu hiyo barabara kuliko mwamshaji wa daku. Wenzake walipozitundika ngoma zao, yeye ndipo alipoishika yake. Kazi yake ilikuwa ya mwezi mmoja tu kwa mwaka, nayo ilifanyika gizani, kwa watu walio nusu macho nusu usingizini. Wengi humdhania kuwa alikuwa saa ya kuamshia na basi. Historia yasema vingine: mtu huyu wa vichochoroni aliirithisha lugha ya Kiarabu bahari nzima ya ushairi.

Wito wa usiku wa Ramadhani una asili ya mbali. Hadithi ya Mtume yaeleza kuwa Bilal alikuwa akiadhini usiku ungali usiku, na watu waliambiwa wale na wanywe mpaka wasikie adhana ya Ibn Umm Maktum. Sauti moja ya kuamsha, nyingine ya kuzuia. Baina ya sauti mbili hizo ndipo alipokuja kusimama mwamshaji na kigoma chake.

Picha yake iliyo kamili zaidi imeandikwa na Mwingereza Edward William Lane, aliyeishi Cairo katika miaka ya 1820 na 1830, na akachapisha mwaka 1836 kitabu chake juu ya tabia na desturi za Wamisri wa zama zake. Kila mtaa ulikuwa na mwamshaji wake, aitwaye musahhir, ambaye watu wa leo humwita musaharati. Siku yake ya kazi ilianza baada ya isha. Mkono wa kushoto alishika kigoma kidogo kiitwacho baz, na wa kulia alishika kifimbo au ukanda wa kukipigia. Alifuatana na mtoto aliyebeba taa mbili ndani ya fremu ya fito za mtende. Mzunguko huo wa kwanza haukuwa wa kuamsha, kwani watu hawajalala bado. Ulikuwa wa kusalimia. Alisimama mbele ya nyumba, akapiga kigoma, akamtaja Mola na Mtume wake, kisha akamwombea heri mwenye nyumba kwa jina lake, akafuatisha majina ya wanaume wengine wa nyumba hiyo. Mke wa mtu hakumtaja. Mwari aliweza kutajwa, kwa maneno ya kumtukuza kama bibi wa maharusi.

Wahenga wamenena: mcheza kwao hutunzwa. Lane aeleza jinsi wanawake wa nyumba za wastani walivyomtunza musahhir. Mwanamke alifunga sarafu ndani ya karatasi, akaitia moto, kisha akaiangusha dirishani, ili yule aliye chini aone katika giza mahali inapoangukia. Naye alisoma Fatiha, halafu akatoa kisa kifupi cha maneno yenye vina, kama kisa cha wake wenza wawili na ugomvi wao. Baadhi ya visa hivyo havikuwa na haya. Hata hivyo vilisikilizwa katika nyumba za watu wenye heshima zao. Usiku ulipokaribia kwisha alizunguka mara ya pili, na hapo ndipo alipoamsha kwa hakika, akigonga milango ya waliomwagiza mpaka ajibiwe. Ujira wake mkubwa aliungoja hadi Idi: kirshi mbili, tatu au nne kwa nyumba ya mtu wa wastani.

Ni wazi kuwa ujira huo haukuwa wa kigoma tu. Hata jogoo huamsha. Alicholipwa musahhir ni kuujua mtaa: nani yu nyumba ipi, nani ameoza, nani amepata mtoto wa kiume wa kuongezwa katika orodha. Alikuwa daftari la mtaa lenye miguu miwili, na kutajwa naye kulikuwa ni kuthibitishiwa kuwa mtu yungali hai na yungali mwenyeji.

Sanaa hiyo Lane hakuikuta changa. Zaidi ya miaka 600 kabla yake, katika mji wa Baghdad, khalifa wa Bani Abbas aitwaye al-Nasir, aliyetawala tangu 1180 hadi 1225, alikuwa na mwamshaji wake. Jina lake Ibn Nuqta, na khalifa alimwekea malipo ya kila mwaka. Mashairi aliyoyaimba yaliitwa quma, kutokana na neno la kuwaambia watu wasimame wale daku. Shina lake ndilo lililotupa sisi neno kiyama. Wako wasemao kuwa Ibn Nuqta ndiye aliyeibuni bahari hiyo. Wengine huiona kuwa ni ya zamani kuliko yeye.

Husimuliwa kuwa Ibn Nuqta alipofariki, khalifa hakuwa na habari. Aliacha mwana aliyekuwa hodari wa quma kama babake, lakini hakuwa na njia ya kumfikia mtawala. Kijana alingoja Ramadhani iandame, akawakusanya wafuasi wa babake, akasimama karibu na kasri akaimba. Khalifa alisikia sauti nzuri, akapendezwa. Kijana alipotaka kuondoka aliongeza beti moja fupi: akamwita bwana wa mabwana, akamkumbusha desturi yake ya ukarimu, akajitambulisha ni mwana wa nani, kisha akamtakia maisha na kumpa habari ya kifo. Khalifa alistaajabu jinsi mambo mengi yalivyoenea katika maneno machache. Alimvika joho, akampa mara mbili ya alichokuwa akipewa babake.

Mpenzi wa mashairi na aitazame beti hiyo kwa umbo lake. Quma ya aina hii ina mishororo minne mifupi. Wa kwanza, wa pili na wa nne hukubaliana kwa kina. Wa tatu huachwa huru. Katika beti ya kijana yule, mshororo ulioachwa bila kina ndio uliobeba nasaba yake. Sifa ina kina, ukarimu una kina, kifo kina kina. Jina la mtu limesimama peke yake, kama yatima aliyelitamka.

Tunayajua mambo ya quma kwa sababu mshairi mmoja mkubwa hakuona aibu kuyaandika. Safi al-Din al-Hilli, aliyezaliwa Iraq mwaka 1278, alikuwa bingwa wa mashairi ya kanuni. Hata hivyo alitunga kitabu kizima juu ya bahari nne zilizoimbwa kwa lugha ya sokoni isiyofuata sarufi ya wanazuoni, na quma ni mojawapo. Kichwa cha kitabu hicho chamtaja asiye na mapambo aliyepambika, na cha rahisi kilicho ghali. Na maneno hayo mawili, rahisi na ghali, Mswahili huyasikia bila ya mkalimani.

Sanaa hii haikufia Baghdad. Nchini Uturuki wapiga ngoma wa Ramadhani huimba mani, tungo za mishororo minne ambazo mshororo wake wa tatu nao hauna kina. Huko Misri, katika miaka ya 1960, mshairi Fuad Haddad alitunga mfululizo wa mashairi ya musaharati, na Sayed Mekawy, mwimbaji asiyeona, akayaimba redioni kwa kigoma pekee.

Katika miji ya pwani yetu nako vijana hupita usiku na ngoma na madebe wakiamsha watu kwa daku. Simu ya mkononi imewapunguzia kazi, maana saa ya daku sasa i mtoni mwa kila mtu, chini ya kichwa chake. Lakini simu humwamsha mwenye nayo pekee, wala haijui jirani yake ni nani. Ngoma ikinyamaza, saa haitapotea. Kitakachopotea ni maneno. Nyimbo za daku za Unguja na Pemba, za Lamu na Mombasa, zastahili nazo kumpata al-Hilli wake: mtu mwenye kalamu, asiyeona haya kutoka nje saa tisa za usiku, akaandika kinachoimbwa, na jina la anayeimba.