Ushahidi Bila Shahidi: Blogu, Ramani na Lugha ya Umma nchini Kenya, 2007–2008

Tarehe 30 Desemba 2007, siku Mwai Kibaki alipotangazwa mshindi wa uchaguzi wa urais nchini Kenya, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Pengo hilo la habari lilizibwa na ujumbe mfupi wa simu na, kwa wachache waliokuwa na intaneti, blogu. Ory Okolloh, mwanasheria aliyeandika blogu ya Kenyan Pundit, aliugeuza ukurasa wake kuwa mahali pa kupokea habari za mauaji, uchomaji wa nyumba na watu kufukuzwa makwao. Habari zilipomzidi nguvu, tarehe 3 Januari 2008 aliuliza kama wapo mafundi wa kompyuta ambao wangeweza kuzionyesha kwenye ramani. Ndani ya siku chache Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao walizindua tovuti waliyoiita Ushahidi.

Jina hilo linastahili kutazamwa kwa makini. Neno shahidi, lenye asili ya Kiarabu, humtaja mtu aliyekuwapo, akaona, na anayeweza kuitwa kuthibitisha alichokiona. Kauli isiyo na mwenyewe, Kiswahili huiita uvumi. Sasa, mtu aliyetuma ujumbe kutoka Eldoret au Kisumu mwezi ule hakuwa na sababu ya kutaja jina lake. Kulitaja kungeweza kumgharimu maisha. Kwa hiyo tovuti ilipokea maneno ambayo kwa kipimo cha kawaida cha lugha yalikuwa uvumi, ikayalinganisha na vyanzo vingine, kisha ikayapa hadhi ya ushahidi kwa kuyawekea mahali na tarehe. Nukta ya ramani ikashika nafasi ya shahidi. Hilo ni badiliko la maana ya neno, japo wanahistoria wa teknolojia hulipita kana kwamba waasisi walichagua tu jina linalovutia.

Watafiti hawakukawia. Katika mwaka huohuo wa 2008, Patrick Meier na Kate Brodock walilinganisha aina tatu za taarifa: za vyombo vikuu vya habari, za wanablogu, na zile za Ushahidi. Walibaini kwamba vyombo vikuu viliripoti idadi ya vifo mapema, lakini mara nyingi havikuripoti matukio yaliyotangulia vifo hivyo. Na kwamba Ushahidi ilikuwa na matukio mengi ya ghasia ambayo wengine hawakuyataja, tena katika eneo pana zaidi la nchi. Matokeo haya yana uzito. Yalionyesha kuwa raia wanaoandika mtandaoni hawakuwa mwangwi wa magazeti tu. Hata hivyo, ulinganisho ule ulijengwa juu ya mahali na wakati. Lugha iliyobeba taarifa haikuwa kigezo.

Upungufu huo unaonekana wazi zaidi ukitazamwa kando ya kazi nyingine ya mwaka huo. John Kelly na Bruce Etling, wakiwa katika kituo cha Berkman cha Chuo Kikuu cha Harvard, walichora ramani ya blogu za Kiajemi, ambazo walikadiria kuwa takriban 60,000 zilikuwa zikiandikwa mara kwa mara. Ramani yao ilifuata viungo baina ya blogu, si mahali pa matukio, na wasomaji wa Kiajemi walizisoma blogu zenyewe ili kueleza kila kundi linajadili nini. Ndipo likajitokeza, pembeni mwa wanamageuzi na wahafidhina wa dini, kundi kubwa la blogu za ushairi na fasihi. Bila kusoma, kundi hilo lingebaki wingu la nukta. Ni kweli kwamba watafiti wa Iran walikuwa na wepesi wa kuanza na lugha moja. Mtafiti wa Kenya alikabiliwa na Kiingereza, Kiswahili, Sheng na lugha za jamii, na mara nyingine zote ndani ya mazungumzo mamoja.

Ugumu huo haukuondoa haja. Mfano mmoja unatosha. Katika Bonde la Ufa, neno madoadoa, ambalo mtoto yeyote hulijua kwa maana ya alama za rangi juu ya ngozi au nguo, lilitumika kuwataja watu wa makabila yaliyohesabiwa kuwa ya kuja. Mwito wa kuondoa madoadoa ulikuwa mwito wa kufukuza majirani. Tovuti ya Ushahidi ilipanga taarifa zake kwa vichwa vya Kiingereza: ghasia, vifo, uporaji, mali iliyoharibiwa. Nyumba iliyochomwa ilipata nukta yake. Neno lililotangulia kiberiti halikuwa na kichwa cha kuingia chini yake.

Na si kwamba waasisi hawakuyaona maneno. Kobia huyohuyo aliendesha jukwaa la mtandaoni la Mashada, na kabla Januari 2008 haijaisha alilifunga kwa sababu matusi ya kikabila yalikuwa yamevuka uwezo wa kuyasimamia. Kwa mkono mmoja alijenga ramani ya vitendo. Kwa mwingine alizima mahali ambapo usemi wenyewe ulikuwa ukisikika.

Lugha ilipokuja kupewa kipaumbele, ilikuwa kwa njia iliyo kinyume kabisa. Mwaka 2022 tume ya taifa ya uwiano na utangamano nchini Kenya ilitoa orodha ya maneno ya chuki, madoadoa na kwekwe yakiwamo. Hapa neno lipo, lakini aliyelisema, aliyeambiwa na mahali liliposemwa havipo, ilhali mkulima wa Trans Nzoia huzungumzia kwekwe shambani mwake kila msimu wa palizi.