Pipa la Kilabuni

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi wanafunzi mlioko madarasani, Desemba iliyopita nilikuwa likizoni Ifakara, nikapita kilabuni. Ilikuwa saa kumi jioni; mabenchi yamejaa, makopo yanapita mkono kwa mkono.

Pombe ya kienyeji ni ya kale katika bonde la Kilombero. Nafaka huloweshwa mpaka ichipue, huanikwa na kusagwa kuwa kimea, kisha kimea hutiwa katika uji uliopoa. Huendelea kuchacha hata ikiwa pipani, ndiyo maana haina budi kuuzwa upesi. Waingereza nao waliunda chama mwaka 1971 kuitetea bia yao ya namna hiyo.

Serikali ya mkoloni iliidai pombe hii leseni, na baada ya Uhuru Sheria ya Vileo ya 1968 ikaendeleza leseni. Lakini mpishi wake, tangu zamani, ni mwanamke.

Mama yangu alikuwa mmoja wao. Ada yangu ilitoka katika pipa lake, maana wakati huo ada ya sekondari ilikuwa haijaondolewa, iliondolewa 2016. Shuleni nilisema mama ni mkulima. Ni kweli alilima, ila nusu nyingine niliificha.

Siku ile mama mwenye pipa aliniuliza, "Mwanangu, wewe wa nani?" Nikamtaja mama mbele ya watu wote. Akanijazia kopo, akakataa fedha.

Wanafunzi, siwahimizi kunywa. Ila atakayeandika historia ya shule yetu asilisahau pipa hilo.