Mtoto wa Mchungaji Aliyeshika Brashi

Henry Ossawa Tanner alizaliwa mwaka 1859 huko Pittsburgh, Marekani, katika nyumba ya mchungaji. Jina Ossawa lilitokana na Osawatomie, mji wa Kansas ambako John Brown alipambana na watetezi wa utumwa. Mama yake, Sarah, alizaliwa mtumwa, akaupata uhuru kwa njia zile za siri za kuwatorosha watu kwenda kaskazini. Baba yake, Benjamin Tucker Tanner, alikuwa mtumishi wa Kanisa la African Methodist Episcopal, ambalo watu weusi walilianzisha wenyewe. Alihariri gazeti lake, na mwaka 1888 akawa askofu. Basi katika nyumba ile mtoto alikuta Biblia mezani, na kumbukumbu ya minyororo jikoni kwa mama.

Siku moja, akiwa na miaka 13 hivi, alikuwa akitembea na baba yake katika bustani ya Fairmount, Philadelphia. Wakamkuta mtu akichora miti na vilima. Kijana akasimama, akatazama, na tangu siku ile hakutaka kazi nyingine. Mama akampa senti 15, akaenda kununua rangi za bei rahisi na brashi zilizochakaa.

Baba hakufurahi. Tusiharakishe kumhukumu, maana wengi wetu tungefanya vivyo hivyo: nani aliwahi kumwona mtu mweusi wa wakati ule akila kwa brashi? Alimpeleka kwa rafiki yake aliyefanya biashara ya unga. Kazi ilikuwa nzito na mwili wa kijana ulikuwa dhaifu, akaugua sana. Alipokuwa akipata nafuu nyumbani alichora, na wazazi wakamwachia. Mwaka 1879 aliingia chuo cha sanaa cha Pennsylvania, akafundishwa na Thomas Eakins.

Miaka iliyofuata haikuwa ya sifa. Alifungua studio ya picha huko Atlanta, ikafa. Mwaka 1890 Joseph Hartzell, mchungaji wa Kimethodisti ambaye baadaye alitumwa kuwa askofu katika bara letu la Afrika, alimwandalia maonyesho Cincinnati. Hakuna aliyenunua hata picha moja. Hartzell na mkewe wakazinunua zote wao wenyewe, na kwa fedha hiyo Tanner akapanda meli Januari 1891. Alikusudia kwenda Roma, lakini alipofika Paris akabaki. Huko aliweza kujifunza bila kuhesabiwa rangi yake kila asubuhi.

Mwaka 1894 alichora mzee na mtoto wameinamisha vichwa mbele ya chakula kidogo, wakishukuru. Watu weusi wa Marekani walitumaini angeendelea kuwachora wao, kwa heshima waliyonyimwa na wachoraji wengine. Yeye akaigeukia Biblia: Danieli katika tundu la simba, kisha kufufuliwa kwa Lazaro, picha ambayo serikali ya Ufaransa iliinunua mwaka 1897. Wapo waliosikitika kwamba amewaacha watu wake. Malalamiko hayo yana uzito, sitayapuuza. Lakini mtoto aliyelelewa kwa mahubiri ya baba na historia ya mama, akimchora mtu aliyefungwa sanda akiitwa atoke kaburini, sioni kama alikuwa ameondoka mbali na nyumbani.

Mwaka ule ule mfadhili mmoja alimlipia safari ya Misri na Palestina, akaziona nyumba, mavazi na mwanga wa huko. Mwaka 1898 akamchora Mariamu anapopashwa habari na Gabrieli. Tumezoea kumwona Mariamu amevaa buluu, ana duara la dhahabu kichwani. Huyu ni msichana maskini ameketi kitandani, shuka zimevurugika, vidole vya mguu vimechungulia chini ya vazi. Malaika hana mabawa wala uso. Ni nguzo ya mwanga tu. Msichana anaitazama, mikono ameikutanisha, hajajibu bado.

Picha hiyo ilinunuliwa mwaka 1899 kwa ajili ya jiji la Philadelphia. Iko huko hadi leo, katika jumba la sanaa lililo pembezoni mwa bustani ya Fairmount.