Lita Nne kwa Kazi Gani?

Injini ikitoka ovaholi, mwenyewe hutarajia mambo mawili: iwake bila kusumbua, na mafuta yapungue. La kwanza huonekana papo hapo. La pili ndilo huzua ugomvi. Mteja anasema injini inakula. Fundi anajibu kwamba bado mpya, itatulia. Wote wawili wanahesabu lita, na hakuna anayetaja kazi iliyofanywa na lita hizo.

Wataalamu wa injini wana istilahi inayoweza kuwaamua. Kwa Kiswahili cha vitabuni yaweza kuitwa ulaji mahususi wa mafuta, yaani uzito wa mafuta yaliyochomwa ukigawanywa kwa kazi iliyotoka kwenye shafti. Hutajwa kwa gramu kwa kilowati-saa. Ubaya wa neno "mahususi" ni kwamba halidokezi popote kuwa kuna kugawanya. "Ulaji wa mafuta kwa kazi" hujieleza lenyewe, na makala haya yanalipendelea. Kilowati-saa nayo si ngeni kwa Mkenya anayenunua tokeni za umeme: ndiyo uniti moja ya mita ya nyumbani.

Kipimo hiki huwafaa wa ziwani na wa shambani sawia. Chepsaita, kule nje ya Eldoret katika Kaunti ya Uasin Gishu, hakuna boti. Kuna mahindi, ng'ombe wa maziwa, matrekta na mbio za nyika zinazowaleta wanariadha. Lakini mwenye mashine ya posho huko na mwenye boti ya dizeli kule Ziwa Victoria wana shida moja: injini zao hazina kilomita. Mwenye pikapu hujua lita moja humfikisha wapi. Hawa wana saa tu, na saa haisemi injini ilikuwa imebeba mzigo gani.

Chukua mfano wa injini inayotoa kilowati 10 na kutumia lita 3 kwa saa. Lita ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi, kwa hiyo ni gramu 2,520 kwa uniti 10: gramu 252 kwa uniti. Kwa dizeli ndogo, hiyo ni kawaida. Baada ya ovaholi, kazi ni ile ile ila sasa zinaenda lita 4. Hesabu inatoa gramu 336. Mwaka 1897, huko Augsburg, Ujerumani, Profesa Moritz Schröter aliipima injini ya Rudolf Diesel na kupata takriban gramu 324. Mteja wa mfano wetu amelipia spea mpya akarudishwa nyuma ya mwaka 1897.

Faida ya kugawanya ni kwamba hutenganisha kosa la injini na kosa la kinachoendeshwa. Boti yenye rafadha isiyolingana na injini, au iliyoota mwani chini, itameza mafuta hata kama fundi hakukosea hata nati moja. Mashine ya posho yenye nyundo zilizolika hufanya vivyo hivyo, na mahindi mabichi pia. Bodi ya Nafaka, NCPB, hutaka mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, lakini yale yanayotoka shambani wakati wa mavuno huwa yamezidi hapo, na huzisumbua nyundo. Katika hali hizo lita kwa saa zitapanda, lakini gramu kwa uniti zitabaki karibu pale pale.

Zikipanda gramu zenyewe, basi turudi kwa injini, na moshi ndio shahidi wa kwanza. Mweusi ni mafuta kuzidi hewa, au nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza. Mweupe injini ikiwa imeshapata moto ni dizeli isiyoungua: taimingi imechelewa au kompresheni ni hafifu. Wa bluu ni oili, na kwa injini iliyotoka ovaholi mara nyingi ringi hazijakaa. Kuiacha ingurume siku nzima bila mzigo eti "izoee" huzidisha tatizo, maana ringi hukaa kwa kusukumwa na mgandamizo wa kazi.

Kisha kuna mwinuko, ambao mafundi wengi huusahau. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Eldoret, takriban 2,100. Kwenye mwinuko wa Eldoret hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa. Dizeli isiyo na tabo huvuta ujazo ule ule wenye oksijeni pungufu, huku pampu iliyopimiwa pwani ikiendelea kumimina kama kawaida. (Mji jirani na Chepsaita unaitwa Turbo, ila jina halipulizi hewa kwenye silinda.) Fundi akiona injini imechoka huifungulia pampu zaidi. Moshi unakoza, tangi linashuka, nguvu haziji. Dawa ni kuirudisha pampu nyuma na kukubali kwamba injini ya nguvu-farasi 20, huko juu, ni ya 16 hivi.

Ni kweli, kijijini hakuna mtambo wa kupima kilowati. Gunia la mahindi linatosha kuwakilisha kazi. Toa paipu kwenye tangi, iingize kwenye chupa iliyowekwa alama za lita, na ile ya mafuta yanayorudi kutoka kwenye nozeli nayo irudi humo humo. Saga gunia moja la kilo 90 la mahindi makavu kwa wavu ule ule, uandike lita zilizotumika. Fanya hivyo kabla injini haijafunguliwa na tena baada ya kufungwa, na umtake fundi aandike namba zote mbili kwenye risiti kabla hujamlipa.